Hodi Kwenye Simu: Kuhifadhi Sitara ya Mtu na Nyumba Yake Katika Mtandao

BismiLlaahir-Rahmaanir-Rahiym

Himdi zote Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), Mwenye kuwasitiri waja Wake, na Swalah na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake.

Ama ba'ad,

Mgeni akifika nyumba ya watu visiwani kwetu hupiga hodi. Hupiga ya kwanza, ya pili na ya tatu, na asipoitikiwa huondoka bila ya kinyongo. Mwanamme hukalishwa barazani kwanza, na haingii ndani mpaka waliomo wapate kujitanda. Ada hii ina asili yake katika Sunnah, na wazee wetu waliishika hata ikawa mtoto mdogo anaijua kabla ya kuijua alifu.

Nyumba hizo hizo leo zina simu nne au tano. Ndani ya kila simu mna picha za chumbani, sauti za mama na mabinti, maneno ya mume na mke, karatasi za hospitali, vitambulisho na hesabu za pesa. Na simu hizo hufunguliwa na watu wasiopiga hodi: fundi, muuza duka, jirani aliyeazima apige mara moja, mtoto anayetaka mchezo, na mtu asiyejulikana aliyejifanya ni jamaa.

Wengi wetu tukisikia habari ya kulinda siri katika mtandao humfikiria mwizi hodari wa kompyuta aliyeko nchi za mbali. Wapo watu wa namna hiyo. Lakini tukitazama yanayowafika watu mitaani kwetu, aghlabu sitara huvunjika kwa mkono wa mtu tunayemjua, au kwa mkono wetu wenyewe. Kwa hiyo makala hii inaeleza milango ambayo siri za nyumba hutokea, namna ya kuifunga, na la kufanya pale jambo linapokuwa limekwishatoka.

Sitara katika mafunzo ya Dini yetu

Katika Suwrat An-Nuwr, Aayah ya 27 na ya 28, Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Ametukataza kuingia nyumba zisizokuwa zetu mpaka tuombe idhini na tuwatolee salamu wenyewe, na tukiambiwa turudi, basi turudi. Katika Aayah ya 58 ya Sura hiyo hiyo, hata watoto wa ndani ya nyumba ambao hawajabaleghe wameamrishwa waombe idhini katika nyakati tatu: kabla ya Swalah ya Alfajiri, mchana watu wanapovua nguo zao kupumzika, na baada ya Swalah ya 'Ishaa. Aayah inayofuata inaeleza kuwa wakishabaleghe wataomba idhini kama wanavyoomba watu wazima. Tuzingatie hapa kuwa mtoto wa mama huyo huyo, chini ya paa hilo hilo, amewekewa mpaka. Ujamaa peke yake haumpi mtu ruhusa ya kuona kila kitu.

Imepokewa kutoka kwa Sahl bin Sa'd (Radhwiya Allaahu 'anhu), katika Al-Bukhaariy na Muslim, kisa cha mtu aliyechungulia kwenye tundu ya chumba cha Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam). Mtume alikuwa na kitana cha chuma mkononi akijikunia kichwa, akambainishia mtu yule kuwa lau angelijua anachungulia angelimchoma nacho jichoni, na kwamba kuomba idhini kumewekwa kwa ajili ya macho. Mtu yule hakutia mguu wake ndani. Lililoingia ni jicho lake tu. Na kioo cha simu ya mtu ni tundu ya namna hiyo hiyo.

Zaidi ya hayo, katika Suwrat Al-Hujuraat, Aayah ya 12, tumekatazwa kupelelezana. Na katika Hadiyth ya Jaabir (Radhwiya Allaahu 'anhu), waliyoipokea Abu Daawuwd na At-Tirmidhiy, tumefundishwa kuwa mtu akizungumza jambo huku akigeuka kutazama pembeni, basi jambo hilo ni amana. Rafiki yako anapokurekodia sauti usiku akikueleza yaliyomfika, amekuwekea amana. Ukiipeleka sauti ile kwa mtu wa tatu, umeikhini, hata kama nia yako ilikuwa kuomba ushauri. Ukitaka ushauri, uliza suala bila ya kumtaja wala kusikilizisha sauti yake.

Mlango wa kwanza: tunachokituma wenyewe

Tangu mwaka 2016 ujumbe wa WhatsApp husafiri ukiwa umefungwa kwa namna ambayo wanaoweza kuufungua ni aliyetuma na aliyetumiwa tu. Kampuni yenyewe haiusomi. Wengi wakisikia hivyo huona wameshasalimika. Kufuli hiyo inalinda njia. Ujumbe ukishafika umo ndani ya simu ya mwenzako, na simu ya mwenzako ina watoto wake, ina fundi wake na ina rafiki zake wanaoiazima.

Ipo picha ya kutazamwa mara moja ambayo hupotea ikishafunguliwa. Programu huzuia kioo kisipigwe picha na simu ile ile, lakini haiwezi kuzuia simu ya pili isielekezwe kwenye kioo hicho. Ipo pia nafasi ya kufuta ujumbe kwa wote, nayo hudumu kwa muda wa siku mbili na kidogo tu tangu kutuma, na haiwafikii waliokwisha kuuhifadhi au kuupeleka mbele. Kwa hiyo kipimo chepesi ni hiki: kabla ya kutuma jiulize, picha hii ikibandikwa barazani kwetu nitaweza kupita hapo? Kama jibu ni hapana, isitumwe kwa yeyote, na bora isipigwe kabisa.

Stetasi nayo ina mtego wake. Usipoibadilisha, huonekana na kila mtu uliyehifadhi namba yake naye akahifadhi yako. Muuza samaki uliyemuweka kwenye simu ili akupigie changu wakifika, dereva wa daladala, fundi umeme aliyekuja mara moja mwaka juzi, wote wamo. Ingia kwenye mipangilio ya faragha uchague nani aone stetasi, nani aone picha yako na nani aone muda wako wa mwisho kuwa hewani. Hapo hapo chagua pia nani anaweza kukuingiza katika makundi, maana ukishaingizwa kila mwanachama anaiona namba yako. Kundi la ukoo lenye jamaa Unguja, Pemba, Dar es Salaam, Maskati na London ni jambo jema la kuunga udugu, lakini huenda wamo wakwe na watalaka ambao mtumaji amewasahau. Picha ya ndani haina nafasi humo.

Tuje kwenye shughuli zetu. Katika ukumbi wa wanawake bibi harusi amepambwa na wageni wamevua mabuibui kwa kuaminiana. Mgeni mmoja anainua simu, anarekodi dakika moja na kuiweka stetasi. Kabla ya bibi harusi hajashuka jukwaani, wanaume wameshawaona wake na mabinti wa watu waliokuwa nyuma yake wakicheza. Wanawake wale walimpa ruhusa mwenye shughuli awaone. Hawakumpa ruhusa mwenye simu. Mwenye shughuli ana haki ya kutangaza tangu kwenye mwaliko kuwa simu zisitumike ukumbini, na kumuweka mtu mlangoni wa kukumbusha. Hali kadhalika mgonjwa aliyelala kitandani na maiti: picha zao zisipigwe wala zisisambazwe. Asiyeweza kusema "usinipige" ndiye mwenye haki zaidi ya kusitiriwa.

Mlango wa pili: mikono tunayoikabidhi simu

Simu ikivunjika kioo hupelekwa kwa fundi, na mara nyingi huachwa huko siku mbili pamoja na neno lake la siri lililoandikwa kwenye kikaratasi. Mafundi wengi ni watu waaminifu, lakini uaminifu wa mtu si sababu ya kumuachia mlango wazi. Kubadilisha kioo au betri aghlabu hakuhitaji neno la siri. Kama fundi anataka kujaribu kazi yake, kaa hapo uifungue wewe. Toa laini na memori kadi kabla ya kuikabidhi. Kama simu ina picha za familia na inawaka bado, zihamishe kwanza. Baadhi ya simu mpya zina hali ya matengenezo inayomuwezesha fundi kuijaribu simu bila ya kuziona picha na ujumbe. Itafute kwenye mipangilio.

Jambo la pili halijuilikani na wengi. Mtu mzima akinunua simu mpya, muuza duka humfungulia akaunti ya Google papo hapo ili programu ziweze kupakuliwa, na neno la siri hulitunga yeye. Mteja huondoka na simu. Funguo imebaki dukani. Akaunti ile ndiyo inayohifadhi namba zote za watu, na ikiwa hifadhi ya picha imewashwa, kila picha inayopigwa kwa simu ile inakwenda huko. Mwenye neno la siri anaweza kuitazama kutoka kifaa chengine. Kama mama au bibi yako alifunguliwa akaunti namna hiyo, kaa naye leo, mbadilishie neno la siri, angalia namba ya simu na anwani zilizowekwa kwa ajili ya kuirejesha akaunti, na fungua orodha ya vifaa vilivyoingia uondoe msivyovijua.

Jambo la tatu ni kuuza simu au kumpa mtu. Kufuta picha moja moja hakutoshi. Picha iliyofutwa hukaa kwanza katika pipa: kwenye iPhone kwa siku 30, na katika Google Photos hadi siku 60 ikiwa ilikwisha kuhifadhiwa mtandaoni. Njia iliyo sahihi ni kutoka kwanza katika akaunti zako, kisha kuirejesha simu katika hali ya kiwandani, na kubaki na memori kadi yako.

La nne ni WhatsApp kuunganishwa na kifaa chengine. Mtu akiishika simu yako ikiwa wazi kwa dakika moja anaweza kuiunganisha na kompyuta au simu yake, na kuanzia hapo ujumbe wako ukaingia kwake pia bila ya wewe kuhisi. Fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kifaa usichokijua, kitoe. Fanya hivyo kila mara, khasa ikiwa uliwahi kufungua WhatsApp yako kwenye kompyuta ya ofisini au ya duka la kuchapisha karatasi.

Mlango wa tatu: namba sita na wanaojifanya jamaa

Mwizi wa WhatsApp hahitaji kuishika simu yako. Huandika namba yako kwenye simu yake, na kampuni ikakuletea wewe namba sita kwa ujumbe mfupi ili kuthibitisha. Kisha anakuandikia akitumia jina la mtu unayemjua ambaye ameshaibiwa kabla yako: "Samahani, nimekosea kukutumia namba, naomba nirudishie." Ukimpa, wewe unatolewa na yeye anaingia. Baadaye anawaandikia watu wako wote akiomba pesa kwa jina lako, na mwenye kukupenda zaidi ndiye wa kwanza kutuma.

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza, namba ya uthibitisho haipewi mtu yeyote, awe mtoto, mume, wakala au anayesema anapiga kutoka kampuni ya simu. Ya pili, washa uthibitisho wa hatua mbili ndani ya WhatsApp, uweke namba sita zako mwenyewe, ili aliyepata ujumbe mfupi akwame kwenye mlango wa pili. Ikiwa umeshaibiwa, ingia tena kwa namba yako na uandike namba sita mpya utakazoletewa. Hapo mwizi hutolewa. Kama ameshaweka namba zake za hatua mbili, utasubiri siku 7 kabla ya kuweza kuingia, lakini na yeye hatokuwemo. Wakati huo wapigie jamaa uwatahadharishe.

Ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii" sote tumeshaupata. Usimjibu mtumaji. Namba yake iripoti kwa kuituma 15040. Na kwa kuwa Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa, kila mtu apige *106# akague usajili wake. Ukikuta laini usiyoijua imesajiliwa kwa kitambulisho chako, nenda kwenye ofisi ya kampuni ya simu ikafungwe, kwani linalofanywa kwa laini hiyo litaulizwa kwako. Usikubali kumsajilia mtu laini kwa kidole chako, wala kuweka kidole mara ya pili na ya tatu kwa wakala anayedai kuwa mashine haikusoma bila ya kukagua baadaye. Na ukiacha kuitumia laini ya zamani, ondoa namba hiyo kwanza katika akaunti zako zote, kwa sababu namba iliyoachwa muda mrefu hufungwa na kupewa mtu mwengine.

Mlango wa nne: programu zinazoomba kila kitu

Programu inapopakuliwa huomba ruhusa. Ramani kuomba kujua ulipo ni jambo la maana. Tochi kuomba orodha ya namba zako si jambo la maana. Kila ruhusa isiyohusiana na kazi ya programu ikataliwe.

Mfano ulio wazi ni programu za mikopo ya haraka. Mkopaji hubonyeza kukubali bila ya kusoma, na programu ikachukua namba zote zilizomo katika simu yake. Akichelewa kulipa siku chache, ujumbe wa kumfedhehesha unaanza kumiminika kwa mama yake, kwa mkwe wake, kwa mwalimu wa mtoto wake na kwa bosi wake. Aliyekopa ni mmoja. Waliochukuliwa namba zao bila ya ridhaa ni mamia. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 za namna hii zilizokuwa zikifanya kazi bila ya leseni. Tukiachilia mbali ribaa iliyomo, ambayo peke yake inatosha kumzuia Muislamu, mtu huyu ameweka rehani sitara za watu wengine ambazo si mali yake. Mwenye dhiki awaendee jamaa zake na wenye uwezo msikitini kwake. Kumueleza mtu mmoja shida yako ni kwepesi kuliko kuelezwa na mtu mwengine kwa watu mia tatu.

Watoto wetu

Mzazi ni mchunga na ataulizwa kuhusu anachokichunga. Kumsimamia mtoto mdogo anavyotumia simu ni wajibu wa malezi, na vizuri afanye hivyo kwa uwazi, mtoto akijua kuwa mama na baba wanaangalia, na simu ikilala sebuleni usiku.

Tuanze na sisi wenyewe. Picha ya mtoto katika sare ya skuli inaeleza skuli gani anasoma. Cheti cha matokeo kinaeleza jina lake kamili na namba yake. Video ya mtoto anayeoga, hata akiwa mchanga, haina mahali katika stetasi. Mtoto hawezi kutoa idhini leo, na picha itamngojea mpaka akue.

Kisha tumfundishe mambo matatu: asimtumie picha yake mtu aliyejuana naye mtandaoni, asimwambie anakoishi wala anakosoma, na mtu yeyote akimuomba picha au akimtisha aje aseme. Hili la tatu ndilo zito. Binti aliyetumwa picha moja kwa hadaa hutishwa kuwa wazazi wataonyeshwa, na kwa kuogopa kipigo hutuma ya pili na ya tatu. Kinachomfunga si yule mtishaji peke yake, ni hofu ya nyumbani kwake. Basi mtoto asikie kwa masikio yake, kabla ya jambo kutokea, kuwa akija kusema hatopigwa wala hatofukuzwa.

Mume na mke

Katika Swahiyh Muslim, kutoka kwa Abu Sa'iyd Al-Khudriy (Radhwiya Allaahu 'anhu), imo Hadiyth inayomhesabu mtu anayetoa siri za faragha yake na mkewe kuwa ni katika waovu zaidi wa watu mbele ya Allaah Siku ya Qiyaamah. Ikiwa kusimulia kwa maneno ni hivyo, basi picha ni nzito zaidi.

Wengine huuliza kuhusu kupekua simu ya mwenza. Asili ni kuwa kupelelezana kumekatazwa, na ndoa haikuondosha katazo hilo. Mwenye kuifungua simu ya mwenzake usingizini kwa dhana tupu hufungua pia siri za watu wengine waliomuamini mwenzake: dada aliyeandika habari ya maradhi yake, rafiki aliyeeleza ndoa yake. Ikiwa lipo jambo la wazi linalotia shaka, liulizwe kwa ulimi, na likishindikana liitiwe wazee wa pande mbili.

Na ndoa ikivunjika? Talaka huvunja ndoa, haivunji amana. Kila mmoja afute picha na sauti za mwenzake zilizokuwa halali kwake wakati wa ndoa, na kila mmoja abadilishe maneno ya siri na kukagua vifaa vilivyounganishwa. Mwanamme anayemtishia mtalaka wake kwa picha ili asidai matunzo ya watoto au asiolewe, amekusanya khiyana na dhulma, na pia amefanya jambo linalompeleka mbele ya sheria ya nchi.

Sitara ikishavunjika

Aliyefikwa afanye haya. Asimlipe mtishaji, kwani anayelipwa mara moja hurudi. Asifute ujumbe wa vitisho: aupige picha ukiwa na namba na tarehe, na amuhifadhishe mtu anayemuamini. Amueleze mtu mzima mmoja mwenye busara, awe mzazi, khalati, ami au mwalimu wa chuoni. Airipoti picha kwa mtandao husika. Aliye na miaka 18 au zaidi anaweza kutumia huduma ya StopNCII.org, na aliye chini ya umri huo huduma ya Take It Down. Zote mbili hutengeneza alama ya picha ndani ya simu yako mwenyewe bila ya picha kutumwa popote, na mitandao iliyojiunga nazo huizuia picha yenye alama hiyo.

Kisha aende polisi. Hifadhi ya maisha binafsi ya mtu na familia yake imo katika ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 na kifungu cha 15 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamtia hatiani anayeingia katika mifumo ya mtu bila ya ruhusa, anayejifanya mtu mwengine, anayesambaza picha za ngono na anayemuandama mtu kwa vitisho. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu aeleze anazichukulia nini, na imeweka Tume ya kupokea malalamiko.

Tumalizie kwa wale wanaopokea, maana wao ndio wengi. Katika visiwa vidogo kama vyetu, ambapo kila mtu anamjua mtoto wa fulani, aibu ya mtu humaliza mtaa mzima kabla ya Magharibi. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mfereji bado unaweza kufungwa, na kila simu inayopokea ina mfereji wake. Suwrat An-Nuwr, Aayah ya 19, imewaahidi adhabu chungu wanaopenda uchafu uenee kwa walioamini. Na Hadiyth iliyomo katika Al-Bukhaariy na Muslim inafundisha kuwa mwenye kumsitiri Muislamu, Allaah Atamsitiri Siku ya Qiyaamah. Ikikufikia picha ya mtu, usiifungue kwa kutaka kujua ni nani. Ifute, mwambie aliyetuma amche Allaah, na ukikutana na mwenyewe sokoni au harusini mpe salamu kama ulivyokuwa ukimpa. Usimuonyeshe hata kwa jicho kuwa unajua.

Ya kufanya usiku huu

1. Weka kufuli ya simu isiyokuwa 1234 wala mwaka wa kuzaliwa, na ficha maneno ya ujumbe yasionekane kioo kikiwa kimefungwa.
2. Washa uthibitisho wa hatua mbili wa WhatsApp.
3. Kagua vifaa vilivyounganishwa, na vifaa vilivyoingia katika akaunti ya Google.
4. Chagua nani aone stetasi yako na nani akuingize katika makundi.
5. Piga *106# ukague laini zako.
6. Futa programu usizozitumia, na ondoa ruhusa zisizohusika.
7. Futa picha na sauti za watu ulizozihifadhi bila ya idhini yao.
8. Fanya hayo hayo katika simu ya mama yako.

Tunamuomba Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Azisitiri aibu zetu, Azitulize khofu zetu, na Atujaalie tuwe wenye kuzisitiri nyumba za wenzetu kama tunavyopenda zisitiriwe zetu.

Wa-Allaahu A'lam.